Je, Wajua? Imani na Falsafa Zilipokutana Kitui na Katanga

Je, wajua kwamba maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, ndiyo nguzo za kitabu kinachosomwa vyuoni pembe nyingi za dunia? Aliyeyatumia ni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana aliyepata udaktari Cambridge mwaka 1963. Kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilitoka mwaka 1969. Mbiti alishikilia kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika; walimkuta.

Katika fikra zake, marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo ndani ya sasa. Hutajwa nyumbani, humwagiwa kinywaji kidogo, mjukuu hupewa jina lake. Siku anapozikwa mtu wa mwisho aliyemfahamu, marehemu huyo huingia zamani. Upande wa mbele, alisema Mbiti, Wakamba wa jadi, watu wa kwao Kitui, hawakuwa na wakati ujao wa mbali. Vitenzi vyao havikuvuka miaka miwili hivi. Kwa hiyo waumini waliposikia mahubiri ya mwisho wa dunia, walitarajia Yesu arudi wao wenyewe wakiwa hai. Utafiti wake wa Cambridge ulihusu jambo hilohilo.

Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, akionyesha kwamba Waakani wana maneno ya wakati ujao wa mbali. Nami naona Gyekye ana haki: mzee anayeusia shamba kwa vitukuu ambao hawajazaliwa anatazama mbali sana. Lakini swali la Mbiti bado ni zito kwa kila mhubiri: unapotangaza uzima wa milele, msikilizaji wako anausikiaje?

Je, wajua kwamba mshairi Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa mpinzani wake mkali? Alidai kwamba wasomi Wakristo, Mbiti akiwemo, waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Shutuma hiyo inauma, na inastahili kujibiwa kwa hoja.

Kabla yao kulikuwa na Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1945 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Alidai kwamba kwa Mbantu, kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai. Wapo Waafrika waliomshukuru, na wapo waliomlaumu kwa kuwasemea watu wote kwa sauti moja. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alimjibu mwaka 1956 kwa kuchambua ngeli za Kinyarwanda.

Linalonigusa zaidi ni lililofuata. Miaka ya 1950, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, huko huko Kongo, na wake zao, Tempels alianzisha kundi la Kikatoliki lililoitwa Jamaa. Mume na mke walifundishwa pamoja, kwa Kiswahili cha Katanga, na mafundisho yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hapo falsafa ilitoka kitabuni ikaingia katika nyumba za wachimba shaba.

Ukikipata kitabu cha Mbiti, anza na sura ya 3, ile ya wakati. Kisha mwulize mzee wa kwenu kama anakubaliana nayo.