Kabla hujakata bomba, uliza nani anakunywa



Ukitaka kununua nyumba ya zamani hapa Kawe, usiende na dalali peke yake. Nenda na fundi bomba. Dalali atakuonyesha vigae na madirisha ya alumini. Fundi atazunguka nyuma, atachutama, kisha atarudi na maswali. Koki hii ya ukutani mbona haitoi maji? Kwa nini choo kina mabomba mawili, la chuma na la plastiki? Na hili linalopita chini ya ukuta wa uzio linakwenda wapi?

Mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui. Naye aliyakuta.

Maelezo yamo katika historia ya maji ya jiji letu. Mtambo wa Ruvu Chini, unaohudumia upande huu wa kaskazini, ulijengwa mwaka 1976. Jiji likakua kuliko mabomba yake. Watu wakachimba visima, wakajenga matanki ardhini, wakapandisha mengine juu ya minara. Kwa kuwa visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, wengi waliweka njia mbili: ya kisima kwa choo na usafi, ya DAWASA kwa kunywa na kupikia. Mgao wa mwaka 2022 nao uliwafanya wengi watafute njia nyingine. Kila mwenye nyumba aliongeza bomba lake, akauza, akaondoka na maelezo yake.

Bomba usilolielewa lina hatari mbili. Ya kwanza ni kuliacha tu. Likiwa limepasuka karibu na karo, maji yanapokatika linaweza kunyonya uchafu wa nje, na maji yakirudi uchafu huo unafika jikoni. Kipindupindu kilichozuka Agosti 2015, kikianzia hapa hapa Kinondoni, kilitukumbusha maji machafu yanaweza kufanya nini. Hatari ya pili ni kulikata kwa hasira. Huenda lile la chini ya uzio linampelekea maji bibi wa jirani, kwa makubaliano ya mdomo ya wazee wawili, na mmoja ameshafariki.

Fundi mwenye busara hufunga koki zote, kisha hutazama mita. Ikiendelea kuzunguka, maji yanakwenda mahali. Ndipo anafunga njia moja moja na kuuliza: nani amekosa maji?

Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinamweleza kuhani aliyeitwa kukagua nyumba yenye madoa ukutani. Kabla hajaingia, aliagiza vyombo vitolewe nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Akatazama, akaifunga nyumba siku saba, akarudi. Madoa yakienea, mawe yenye madoa yaliondolewa na kuta zikakwanguliwa. Yakizuka tena, ndipo nyumba ilibomolewa. Yakikoma, ilitangazwa safi. Ona mpangilio wake: kuokoa kinachookoleka, kutazama, kusubiri, kurudi. Kubomoa ni neno la mwisho.

Sasa ingia ndani ya ndoa. Mke anaona kwenye simu ya mumewe muamala wa kila mwezi kwa namba asiyoijua. Hilo ni bomba chini ya uzio. Akinyamaza, shaka itaingia katika kila neno la nyumba hiyo. Akikimbilia kwa wazazi kutangaza kwamba ndoa imekwisha, amekata kabla ya kuuliza. Njia ya yule kuhani ni ngumu zaidi: watoto wakishalala, aulize kwa utulivu, "Baba Neema, hii pesa inakwenda kwa nani?" Pengine ni ada ya mtoto wa marehemu kaka yake, ahadi aliyoitoa msibani akaona tabu kuisema. Pengine ni dhambi kweli. Kama ni dhambi, ikatwe, na izibwe kwa toba ya kweli, siyo kufungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nawe uliyelaza bomba hilo, usingoje mwenzako afukue. Mwonyeshe leo linapopita. Wengi wetu tunakufa na kuacha koki zisizo na maelezo: madeni, viwanja visivyo na hati, watoto ambao ndugu zao hawawajui. Halafu ugomvi unaanza kabla hata tanga halijaisha.

Kanisa limetupa njia ya kujikagua, nayo ni kutafiti dhamiri. Jioni ya leo zima televisheni, weka simu mbali, funga koki zote, ukae kimya mbele ya Mungu. Tazama mita ya moyo wako. Kama bado inazunguka, usilale kabla hujamwomba akuonyeshe maji yanakwenda wapi.

Nawatakia Dominika njema.