Simu yako iko mteja? Basi mteja wako ashapata mwingine

Kuna neno moja ambalo sisi Wakenya tumelipa maana mbili zinazopigana. Ukimpigia mtu na simu yake imezimwa, ile sauti ya dada inakwambia mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Ndipo tukaanza kusema "simu yake iko mteja", "huyo jamaa amekuwa mteja tangu jana". Na mteja huyo huyo ndiye mtu anayekuletea pesa. Sasa ziweke pamoja: ukikaa mteja, unapoteza mteja.

Usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mnazi. Mimi mwenyewe nilianguka, tena nikaanguka na mtu mwingine mkononi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Nikarudi Ukunda, nikaanza kupiga picha na video kwa simu, baadaye nikapata kamera ya mkono wa pili. Mama mdogo wangu anafanya usafi katika nyumba moja ya kukodisha wageni, upande wa Galu. Mwenye nyumba alitaka picha mpya kabla ya msimu wa Desemba. Mama mdogo akamwambia, "Nina mtoto wangu, anapiga picha vizuri." Akatoa nambari yangu.

Simu ililia Jumanne asubuhi. Niliiona. Nilijua ni nani, maana mama mdogo alikuwa ashanitonya. Lakini kompyuta yangu ilikuwa kwa fundi, na pesa za kuitoa sikuwa nazo. Nikasema acha kwanza niitoe, halafu nitampigia nikiwa na jibu zuri. Akapiga tena jioni. Jumatano akatuma ujumbe WhatsApp. Nikausoma kwa juu juu bila kuufungua, zile tiki zisigeuke buluu. Alhamisi akapiga mara ya mwisho.

Ijumaa mama mdogo alikuja nyumbani. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai, kisha akasema, "Mwanangu, si ungeniambia tu huna kompyuta? Ningemwambia asubiri wiki moja." Mwenye nyumba alikuwa ashaita mpiga picha kutoka Mombasa. Hilo halikuniuma sana, kazi huja na kwenda. Kilichoniuma ni alichosema mwisho: alikuwa amepanga kumwombea binamu yangu kazi ya bustani hapo hapo. Sasa hakuweza tena kufungua mdomo. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia asimletee watu wa kwao.

Simu tatu ambazo sikushika zilimgharimu kazi mtu ambaye hata hakujua zimelia.

Hatujibu kwa sababu ya aibu

Watu wakiongea juu ya vijana wa Pwani na kazi, wanarukia neno moja: uvivu. Mimi siamini. Nimekaa na mafundi wa friji pale Ukunda, madereva wa teksi, kina dada wa keki na hina, manahodha wa mashua. Si wavivu hata kidogo. Wengi tunakwepa simu kwa sababu tuna habari mbaya. Nguo haijashonwa. Kiti hakijapakwa vanishi. Pesa ya vifaa ililipa kodi ya nyumba. Tunaona jina la mteja kwenye kioo, moyo unadunda, tunageuza simu kifudifudi mezani. Kisha tunajidanganya: nitampigia kazi ikiisha.

Pia huku kwetu kumwambia mtu "hapana" waziwazi kunaonekana kama ukosefu wa adabu. Kwa hiyo tunasema "inshallah", "nakuja", "niko njiani" na ile mama yao wote, "niko feri". Likoni imebebeshwa uongo mwingi kuliko magari, bana! Tunafikiri tunamstahi mteja. Kumbe yeye amekaa anahesabu saa, na kila saa inayopita ile habari mbaya inazidi kuwa mbaya. Jumanne ningesema "kompyuta iko kwa fundi" ingekuwa ni shida ya kompyuta. Ijumaa ilikuwa ni shida ya tabia yangu.

Utaniambia haraka haraka haina baraka. Sawa, lakini hiyo ni ya kazi yenyewe. Shona pole pole, pika pole pole, panga picha pole pole. Kujibu ni kitu kingine, na methali yake ni ile ya chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Anayekupigia naye ana saa yake

Fikiria mtu amepanda treni ya SGR Nairobi saa tisa alasiri, ile ya moja kwa moja. Ana kama saa tano hivi kabla hajashuka Miritini. Njiani anatafuta gari la kumfikisha Diani. Amepewa nambari tatu. Ya kwanza ni yako, na wewe kweli una gari safi, na njia ya Dongo Kundu unaijua, kwa hiyo humpotezei muda feri. Lakini hujashika. Wa pili hajashika. Wa tatu amejibu, "Karibu Pwani, nitakuwa nje ya stesheni, bei ni hii." Nani amepata kazi? Si mwenye gari safi zaidi.

Au chukua mgeni wa Ujerumani anayetaka kwenda Wasini kuona pomboo. Akitoka kazini saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi kwao, hapa ni saa mbili usiku. Akila, akikaa na familia, ndipo anakuandikia, wewe ushalala. Hakuna anayekutaka uamke. Lakini ukiamka alfajiri ukamjibu kabla ya chai, yeye akiamka anakuta jibu lako juu kabisa. Ukingoja mpaka mchana, jioni yake inapofika amekuta majibu ya wenzako watatu.

Mwenye nyumba ya kukodisha pia si kwamba ana kiburi akikupigia mara tatu. Airbnb ina beji inaitwa Superhost, na moja ya masharti yake ni kujibu angalau asilimia 90 ya jumbe mpya za wageni ndani ya saa 24. Mgeni anamuuliza yeye, yeye anakuuliza wewe fundi wa bomba. Ukinyamaza wewe, anayeandikwa vibaya ni yeye.

Na si huku tu. Mwaka wa 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha utafiti juu ya kampuni 2,241 za Marekani: zinachukua muda gani kumjibu mtu aliyeulizia bidhaa au huduma kwenye intaneti? Asilimia 37 zilijibu ndani ya saa moja. Asilimia 23 hazikujibu kabisa! Hizo ni kampuni zenye ofisi na mishahara. Na katika utafiti wao mwingine, kampuni zilizomtafuta mtu ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara saba zaidi ya kupata naye mazungumzo ya maana, kuliko zilizochelewa kwa saa moja zaidi tu. Kwa hiyo wewe na kioski chako Msambweni unaweza kuipiku kampuni kubwa kwa kitu kimoja, tena cha bei rahisi: kujibu.

Hapa Kusini kuna sababu nyingine. Kazi zetu nyingi zina msimu. Masika yakiingia mwezi wa Aprili, ufuo unakuwa mtupu, baadhi ya hoteli zinafunga milango kwa muda, na boda wanasinzia kwenye stendi. Simu za Desemba ndizo zinazolisha Mei. Hatuna simu nyingi za kuchezea.

Basi fanya hivi

Kwanza, tofautisha kujibu na kumaliza. Hii ndiyo ilinichelewesha mimi. Nilidhani lazima niwe na jibu zuri ndipo nijibu. Hapana. Andika tu: "Nimepata ujumbe wako, ahsante. Niko kazini sasa, nitakupigia saa kumi jioni." Sekunde kumi na tano. Lakini saa kumi jioni upige kweli, maana sasa ushaweka ahadi, na ahadi ni deni.

Pili, taja saa vizuri. Mgeni ukimwambia "saa tatu" yeye anaweza kuelewa saa tisa alasiri. Sema asubuhi, mchana au usiku, na kwa asiye Mswahili tumia hesabu yake.

Tatu, jibu lako libebe kitu. Mtu akiuliza safari ya mashua, usimwandikie "sawa" au "karibu" halafu ukanyamaza. Nahodha wewe unajua maji yanapwa saa ngapi kesho. Mwambie: maji yatapwa saa fulani, tutaondoka saa fulani, tukutane pale, bei ni hii, inajumuisha hiki na hiki. Ujumbe mmoja kama huo unapunguza maswali kumi.

Nne, tafadhali, usimflashi mteja. Na ile "please call me" iache kwa mpenzi wako. Kama huna salio, Okoa Jahazi ipo, WhatsApp ipo. Mtu anayetaka kukupa pesa usimlipishe kwanza gharama ya kukutafuta.

Tano, pakua WhatsApp Business. Ilitoka mwaka wa 2018 na ni ya bure. Unaweza kuweka ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa haupo, na majibu ya haraka kwa maswali ya kila siku kama bei na mahali ulipo. Lakini hiyo ni kumwambia mgeni hodi yake imesikika. Bado unatakiwa uje ufungue mlango.

Sita, ukiwa na habari mbaya, piga wewe kabla hujapigiwa. Keki imeungua? Piga sasa, si saa moja kabla ya sherehe. Mteja mwenye saa sita mkononi anaweza kutafuta njia nyingine. Mwenye dakika kumi anaweza tu kukasirika.

Saba, kama kazi huiwezi, sema huiwezi, na umpe nambari ya mwenzako anayeiweza. Mwambie na huyo mwenzako kuwa simu inakuja. Halafu muarifu aliyekuunganisha. Hilo la mwisho wengi tunalisahau, na ndilo linalotunza jina la mtu aliyekuamini.

Kujibu si kuwa mtumwa wa simu

Najua utasema: kwani nisile, nisilale? La. Una haki ya mipaka, ila mipaka isiyotangazwa inaonekana kama dharau. Ijumaa adhuhuri uko msikitini, andika hivyo kwenye wasifu wako. Jumapili uko kanisani au unapumzika, sema. Uko juu ya pikipiki, usijibu, simama kwanza. Mimi siku hizi nina nyakati tatu za kupitia jumbe: baada ya swala ya alfajiri, mchana nikila, na saa kumi na moja jioni. Katikati nafanya kazi kwa amani, na wateja wangu wamezoea.

Kuna pia mteja anayeuliza bei kisha anapotea milele, na kuna waajiri wanaopokea barua zetu za kazi bila hata kusema "tumeipata". Inauma. Mtu ambaye amengojea jibu lisilokuja anajua ladha yake, kwa hiyo asimpikie mwingine chakula hicho hicho.

Na yule mwenye nyumba wa Galu? Ilinichukua miezi mitatu kumpigia. Nilikuwa na maelezo marefu kichwani. Alishika simu ikilia mara ya pili, nikayasahau yote. Nikamwambia: ni mimi yule mpiga picha, sikukujibu, ilikuwa aibu yangu, mama mdogo hana kosa lolote. Akanyamaza kidogo. Akasema kazi hana kwa sasa, lakini ahsante kwa kupiga. Basi, ikaisha hivyo. Sikupata shilingi.

Ila wiki iliyofuata mama mdogo alinipigia. Alisema ameulizwa kama yule kijana wa bustani bado anatafuta kazi.

Sasa wewe. Kwenye simu yako, hivi sasa unavyosoma, kuna nambari unayoikwepa. Unaijua. Funga ukurasa huu, uipigie. Kama huna la maana la kusema, anza na hili: "Samahani nimechelewa kukujibu."