Tini na Zaituni katika Nchi ya Wamaasai

Kwetu pwani mti wa nyumba ni mkoko. Boriti ndizo zilizopima upana wa vyumba vya wazee wetu, na majahazi yalizichukua mpaka Arabuni, hata Kenya ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Basi nilipomzuru binti yangu Kitengela, macho yangu yalikwenda kwenye miti kwa mazoea. Sikuona msitu. Niliona uwanda, viwanja vilivyozungushiwa seng'enge, na mbao za saiprasi zilizoletwa kwa malori kutoka mbali.

Jioni tukachoma nyama. Muuza mkaa alinisifia gunia lake: zito, haliishi upesi, moto wake hauna moshi. Nilinunua bila ya kuuliza ni mti gani.

Siku ya pili jirani ya binti yangu alinichukua kwa mama yake, upande wa Kajiado. Bibi yule alikuwa akisafisha kibuyu cha maziwa. Alitia ndani ncha ya kijiti kinachowaka, akakizungusha na kukisugua mpaka ukuta wa kibuyu ukawa mweusi, kisha akakung'uta majivu. Maziwa yakitiwa humo hukaa siku nyingi, na harufu yake ni tamu ajabu.

"Mti gani huu, bibi?"

"Oloirien."

Mwanawe akafasiri: zeituni mwitu. Subhanallah! Nilikuwa mtoto chuoni, ubao mapajani, nilipoihifadhi sura ambayo Mwenyezi Mungu ameapa ndani yake kwa tini na zaituni, nami nikidhani miti hiyo ni ya Shamu peke yake. Kumbe wataalamu wa miti wanasema zeituni hii ni aina ileile moja na ya Shamu, ila tunda lake ni dogo na halina mafuta ya kutosha. Huota pamoja na mwangati katika milima mikavu ya baridi: Ngong, na msitu wa Loitokitok kwenye mteremko wa Kilimanjaro.

Na tini je? Bibi akanionyesha oreteti umesimama peke yake bondeni. Huo ni wa jamaa ya mtini. Wamaasai hawaukati, chini ya kivuli chake wazee huomba mvua. Sisi hatuombi chini ya mti, lakini adabu ile niliipenda.

Zeituni haikupata heshima hiyo. Bibi alisema ule wa karibu na boma ulikatwa na wachoma mkaa, sasa vijiti ananunua sokoni. Hukua polepole mno. Anayeupanda leo humpandia mjukuu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa amri hiyo. Lakini mti ulio malishoni kwa mtu hauna askari.

"Mkaa wake ukoje?" nikauliza, na moyo wangu ulikwisha kujua.

"Mzito. Hauna moshi."

Nikanyamaza. Bibi akanimiminia maziwa, akataka kujua kama kwetu pwani oloirien unaota.

"Hauoti, bibi. Wa kwetu huja ndani ya chupa."

Akacheka mpaka akaweka kibuyu chini.