Fahamu: Kwa nini kichekesho cha jukwaani hupooza kwenye filamu

Mchezo wa kuchekesha ukigeuzwa filamu, lalamiko huwa lile lile: jukwaani ulivunja watu mbavu, kwenye skrini umepooza. Chanzo ni muda. Mwigizaji wa jukwaani husubiri kicheko kipungue ndipo aendelee. Ukumbi ukinuna, hubadilisha mbinu papo hapo. Filamu ikishahaririwa haimsubiri mtu. Ukicheka sana, maneno yanayofuata yanakupita.

Ndoto za Elibidi (2010), ya Nick Reding na Kamau wa Ndung'u, ililikwepa tatizo hilo kwa ujanja. Ilianza kama mchezo wa waigizaji wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, ukichanganya vicheko na huzuni: wazazi, mabinti wanne, wapenzi wao, na virusi vya Ukimwi. Filamu inaonyesha hadithi yenyewe, kisha inatuonyesha wakazi wa mitaa hiyo wakiutazama mchezo. Hivyo mtu wa Ekero, kule Mumias, anaweza kuitazama peke yake kwenye simu na bado akacheka na umati. Kwangu mimi, nyuso za watazamaji hao zinaishinda hadithi yenyewe.

Ni Sisi (2013), ya S.A.F.E., kundi lile lile lililotengeneza Ndoto za Elibidi, nayo ilitoka jukwaani, ikigusa ghasia za uchaguzi.