Tak! Somo Alilosomea Magawa

Sogeeni jamvini, wajukuu zangu, niwasimulie habari za Magawa. Huyu si panya wa darini mnayemfukuza kwa fagio. Alikuwa panyabuku, mwenye kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70, mkia ukiwemo. Alizaliwa Morogoro, akasomeshwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kisha akapelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyoachwa ardhini na vita. Alifichua zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza liitwalo PDSA likamtunuku nishani ya dhahabu. Kabla yake, hakuna panya aliyewahi kuipata.

Mnadhani alifundishwa kwa fimbo? Hata kidogo! Mwalimu alikuwa na kidude kiganjani. Akikibonyeza, kinalia tak! Siku za mwanzo panya hakutakiwa kufanya lolote. Tak, kipande cha ndizi. Tak, ndizi tena. Akaelewa kwamba mlio ule ni ahadi ya chakula. Ndipo akaanza kunusishwa vitundu: akituliza pua penye harufu ya kilipuzi, tak! Akiituliza pasipo, kimya. Hakuna kumchapa wala kumkaripia.

Na paka wenu anaweza. Chukueni kalamu ya kubonyeza na dagaa wachache, mkiwapunguza kwenye chakula chake cha siku. Mwanzoni ni tak na dagaa, tak na dagaa, basi. Akishazoea, ngojeni akae mwenyewe. Makalio yakigusa sakafu tu, tak! Msichelewe. Mkibonyeza akiwa ameshainuka, mtakuwa mmemfundisha kuinuka. Na kila tak ilipwe, hata kama mmebonyeza kwa bahati mbaya, maana ahadi ni deni na paka naye analidai.

Msiseme hamna nafasi. Maji ya chai yakiwa jikoni, zile dakika mbili zinatosha. Jioni, kabla hamjamwekea chakula, dakika mbili nyingine. Akiondoka zake, mwacheni. Msimshike, msimsukume makalio akae.

Ila kabla ya paka, chezeni wenyewe kwa wenyewe, maana mchezo huu ni mtamu. Mmoja atoke nje. Waliobaki wakubaliane afanye nini, labda ashike kitasa cha dirisha. Akirudi asiambiwe neno. Akisogea upande wa dirisha, tak! Akigeukia mlango, kimya. Mtacheka sana, lakini yule anayetafuta ataonja jinsi mnyama anavyohangaika akibonyezewa ovyo, na jinsi anavyofurahi akibonyezewa kwa wakati.

Basi kesho asubuhi, birika likiinjikwa, mwiteni paka muanze. Jumamosi nitakuja kumwona akikaa.