SAA ZA INJINI YA MASHUA: KWA NINI ZIHESABIWE, NA NAMNA YA KUZIHESABU

Watu wa Galula, katika Wilaya ya Songwe, hukaa katika bonde ambalo Mto Songwe hulipita ukienda kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Ziwa hilo wasomaji wetu walijua vema. Halina mto utokao, maji yake yana magadi, kina chake ni kifupi, na miaka hata miaka hujaa na kupungua hata pwani yake ikahama. Zamani wavuvi wote waliliendea kwa kasia na pondo. Siku hizi wako wafungao injini ya petroli nyuma ya mashua, na injini hiyo ni mali kubwa. Mara nyingi thamani yake yapita thamani ya mashua yenyewe na nyavu zake zote.

Basi leo twataka kueleza jambo moja ambalo wengi wenye injini hawalishiki, nalo ni kuhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Twaliandika kwa ajili ya viongozi wa vijiji, walimu na wote wajuao kusoma, ili nao wawaeleze wavuvi na vikundi vya ushirika. Jambo hili halihitaji fedha nyingi wala elimu ya fundi. Lahitaji daftari, kalamu na moyo wa kutochoka.

Asili ya injini hii

Mtu aliyeieneza injini ya kufungwa nyuma ya mashua aliitwa Ole Evinrude. Alizaliwa nchi ya Norway mwaka 1877, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake, na katika mji wa Milwaukee akaanza kuuza injini zake mwaka 1909. Hakuwa wa kwanza kuiwaza, lakini yake ilikuwa imara, na mtu mmoja aliweza kuibeba. Tangu hapo watengenezaji wengi wametokea, na leo injini kama hizo zaonekana katika Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na pwani yote ya bahari.

Kwa nini saa, wala si maili wala miezi?

Motakaa ina kipimo kionyeshacho mwendo wake kwa kilomita, na dereva hujua kwamba baada ya kilomita elfu kadha hapana budi oili ibadilishwe. Mashua haina gurudumu liguslo ardhi. Leo yaenda na upepo, kesho yaenda kinyume chake. Leo imebeba watu wawili, kesho imejaa samaki hata maji yakaribia ukingo. Mwendo ule ule waweza kuitaka injini kazi ndogo au kazi maradufu. Kwa hiyo watengenezaji waliona kwamba kipimo kilicho bora ni muda ambao injini imekuwa ikinguruma.

Ili tufahamu uzito wa saa moja, na tulinganishe hivi. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, likienda saa 100, limekwenda kilomita 5,000. Hapana dereva mwenye akili asemaye kwamba kilomita 5,000 si kitu. Lakini mvuvi huweza kupitisha saa 100 za injini naye adhani bado ni mpya, kwa sababu hakuna kitu kilichomwonyesha.

Wako wahesabuo miezi. Husema, "Injini yangu nitaitengeneza kila miezi sita." Kwa mtu aiwashaye mara chache hiyo si mbaya, maana hata injini isiyotumika huharibika kwa unyevu na petroli iliyochacha. Lakini kwa mvuvi wa kila usiku, miezi ni kipimo cha kudanganya, kama tutakavyoonyesha.

Kazi zipasazo kufuata saa

Kila injini ina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho hakimu. Hata hivyo vitabu vingi hukubaliana katika mambo haya.

Kwanza, injini mpya huzoeshwa. Katika saa 10 za mwanzo haifai kuikimbiza kwa nguvu zote kwa muda mrefu, kwa sababu pistoni na silinda hazijazoeana.

Pili, baada ya saa 20 hivi za mwanzo hufanywa matengenezo ya kwanza. Vyuma vipya vikisuguana hutoa vumbi la chuma, nalo huingia katika oili. Oili hiyo isipotolewa, lile vumbi husaga chuma kingine.

Tatu, toka hapo matengenezo hufanywa kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Injini yenye oili yake peke yake, ile ambayo mafundi huiita ya foo-stroki, hubadilishwa oili. Injini ya tuu-stroki haina oili ya kubadilisha ndani ya mwili wake, maana oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Lakini hata hiyo ina oili ya gia huku chini karibu na pangaboi, nayo hubadilishwa. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia, na sili yataka kubadilishwa kabla gia hazijaliwa. Plagi hutazamwa na kusafishwa, na vyuma hutiwa grisi.

Nne, iko impela, gurudumu dogo la mpira livutalo maji ya ziwa na kuyapandisha ili yaipoze injini. Katika maji safi hukaa muda mrefu, na wengi huibadili kwa saa 200 au 300. Lakini katika maji mafupi yenye tope na mchanga, kama yalivyo ya Rukwa mahali pengi, mapezi yake huliwa mapema. Impela ikifa, injini hupata moto kupita kiasi na silinda hukwaruzika. Kwa hiyo mwenye injini na autazame kila siku ule mchirizi wa maji utokao nyuma ya injini. Ukikatika, azime mara moja.

Njia ya kwanza: daftari

Hapa yatupasa kuonya juu ya neno lenyewe. Saa za safari si saa za injini. Tuseme mashua imeondoka mwaloni saa 11 jioni na kurudi saa 1 asubuhi. Safari hiyo ni ya saa 14. Lakini injini ilifanya nini? Kwenda ilichukua saa 1 na dakika 10. Kisha ikazimwa, nyavu zikatupwa, watu wakangoja. Usiku iliwashwa dakika 25 kuhama mahali. Kurudi, upepo ukiwa mbele, ilichukua saa 1 na dakika 20. Jumla ni saa 2 na dakika 55. Hizi ndizo za kuandikwa.

Yule ahesabuye safari ataona saa 100 zimetimia kwa siku nane tu, naye atatupa oili nzuri. Yule ahesabuye miezi atakosea upande wa pili. Maana akivua siku 20 kwa mwezi, injini imefanya kazi saa 58 na dakika 20. Na kwa miezi sita ni saa 350. Kazi iliyotakiwa kufanywa mara tatu haijafanywa hata mara moja.

Daftari lenyewe lipigwe mistari mitano: tarehe, saa ya kuwasha na ya kuzima, jumla ya siku hiyo, jumla kuu tangu mwanzo, na petroli iliyotiwa. Pawe na nafasi ya kuandika kazi ya fundi na vipuri vilivyobadilishwa. Saa ya simu yatosha kwa kipimo. Na daftari likae pwani, si majini, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na liandikwe siku ile ile, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyekesha usiku kucha si ya kutegemewa.

Njia ya pili: petroli

Asiyeweza kutazama saa kila awashapo na apime kwa petroli. Ajaze tangi, atumie injini kwa mwendo wake wa kawaida na mzigo wake wa kawaida, ahesabu muda hata tangi liishe pwani, penye petroli ya akiba. Afanye hivyo mara tatu, achukue wastani. Tuseme tangi la lita 24 limekwenda saa 4. Basi injini hiyo hunywa lita 6 kwa saa. Tangu hapo lita zitamwambia saa.

Katika mfano wetu wa mwezi mmoja, mvuvi akiwa amechoma lita 350, tukigawanya kwa 6 twapata saa 58 na dakika 20, sawasawa na daftari. Njia mbili zikipatana, hesabu ni ya kweli. Zisipopatana, iko sababu, nayo itafutwe: labda mpira wa petroli wavuja, labda kabureta ni chafu, labda pangaboi limepinda, au labda petroli yanywewa na asiye injini. Basi daftari humfaa mwenye mali kama mlinzi.

Na mfanyakazi asiyejua kusoma asiachwe. Kila tangi liishapo na atie punje moja ya mahindi katika chupa. Punje 25 ni matangi 25, nayo kwa saa 4 kila moja ni saa 100. Amwite fundi, kisha aanze chupa upya.

Njia ya tatu: kipimo cha saa

Kiko chombo kidogo kiuzwacho madukani kihesabucho chenyewe. Waya wake huzungushwa juu ya waya wa plagi. Kila plagi itoapo cheche, chombo huhisi na kujua injini iko kazini. Ikizimwa, nacho husimama. Vingi vyake vina betri iliyofungiwa ndani, nayo ikiisha hesabu hupotea. Kwa hiyo namba yake iandikwe katika daftari kila juma. Injini kubwa za siku hizi zina kompyuta ndani yake iwekayo saa hizo, na fundi wa kampuni huweza kuzisoma kwa chombo chake.

Faida katika fedha na katika urafiki

Injini hufa kidogo kidogo kila saa, na mwenye busara huweka akiba kidogo kidogo kila saa. Tuseme kikundi kimenunua injini kwa shilingi 6,000,000, na wenyewe wakadiria itawatumikia saa 2,000. Basi kila saa yala shilingi 3,000 za injini yenyewe, mbali na petroli. Kwa mwezi wa saa 58 na dakika 20 yafaa waweke shilingi 175,000. Wasipoziweka wataziita faida na kuzigawana, na siku injini itakapokufa watarudi kwenye kasia, pengine na deni juu.

Tena injini ya shirika huleta ugomvi. Huyu asema mwenzake aliitumia sana, yule asema alipoichukua ilikuwa mbovu. Mzee wa kijiji aletewapo shauri kama hilo hana la kushika ila maneno. Lakini likiwapo daftari lililotiwa sahihi na kila aliyeichukua, shauri hukatwa kwa namba. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Vivyo hivyo mtu akinunua injini iliyokwisha tumika na aulize saa zake, na adai kuona daftari. Rangi mpya si ushahidi, na kile kipimo kidogo chaweza kung'olewa na kufungwa kingine kianzacho na sifuri. Fundi aipime nguvu ya mgandamizo katika kila silinda kabla fedha hazijatoka mkononi.

Si mashua tu

Wasomaji wa Galula wasio wavuvi wasidhani habari hii haiwahusu. Mashine ya kukoboa mpunga, pampu ya kumwagilia bustani, jenereta, na makarasha yasagayo mawe ya dhahabu upande wa Mkwajuni, vyote hivi husimama mahali pamoja na kunguruma. Havina kilomita, vina saa. Daftari ni lile lile. Na mwalimu atafutaye hesabu za kuwapa watoto darasani, hapa anazo tele: kujumlisha saa na dakika, kugawanya lita, kutafuta wastani.

Mwisho twasema hivi. Injini ikizimika barabarani, mtu hushuka na kutembea. Ikizimika katikati ya ziwa usiku, upepo ukiwa umegeuka, hapana pa kushuka, na kipuri chenyewe huenda kiko Mbalizi au Mbeya mjini. Hesabu ya saa haiondoi hatari zote, na kwa hiyo kasia, plagi ya akiba na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu visikose katika mashua. Lakini injini nyingi zifazo majini zilikuwa zimekwisha kuugua siku nyingi pwani, na daftari ndilo limwambialo mwenyewe siku ya kuziangalia. Anayeanza leo, hata kama injini yake ni ya zamani na saa zilizopita hazijulikani, na afanye matengenezo kamili mara moja, aandike sifuri, na aanze kuhesabu.