Ua wa Kayaba: Boma Lisilooza

Ng'ombe wa jirani akiingia katika mahindi yako usiku, asubuhi hakuna dawa. Mahindi yamekwisha, na ujirani nao umeharibika. Tena ng'ombe mgeni huja na kupe, na kupe huleta ndigana, ugonjwa unaoua ng'ombe wa gredi upesi. Kwa hiyo mkulima wa skimu mwenye ng'ombe na mazao katika shamba moja yampasa kuwa na ua mzuri.

Nguzo huliwa na mchwa, na waya hutaka fedha nyingi. Ua wa miti iliyo hai hauozi. Lakini chagua mti kwa akili. Usipande lantana: majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na ndege hutawanya mbegu zake mpaka malishoni. Mnyaa huota upesi, lakini utomvu wake ukiingia machoni huumiza sana. Kayaba ni bora. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, huvumilia kiangazi, na miiba yake hupita inchi mbili. Haipendi mahali panapotuama maji.

Kuotesha miche. Chuma matunda yaliyoiva na kuwa manjano. Kamua mbegu, zioshe mpaka utelezi uishe, uzianike kivulini. Zipande zingali mpya katika kitalu, uzifunike kwa udongo kidogo na nyasi, na umwagilie maji. Ua wa futi 300 hutaka miche 300. Otesha 50 zaidi ya kujaza mapengo.

Kupanda. Kwanza patana na jirani yako, na mhakikishe mawe ya mpaka. Ugomvi wa mpaka ni rahisi kuuzuia kabla ya kupanda kuliko baadaye. Kisha chimba mtaro wa futi moja kwenda chini na futi moja upana, uchanganye udongo na samadi iliyooza. Mvua za masika zikianza, hamisha miche iliyofika futi moja, na uache futi moja kati ya mche na mche. Palilia, na uizuie mifugo kwa matawi ya miiba mpaka miche ipate nguvu.

Kukata. Hapa ndipo wengi hukosea. Huona huruma kukata mti mchanga, wakauacha urefuke. Ua wa namna hiyo huwa mzito juu na wazi chini, na ndama na mbuzi hupita. Mche ukifika futi mbili, kata ncha yake ili utoe matawi karibu na ardhi. Kata tena kila unapoongezeka futi moja. Chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike kila mahali. Ukifika futi tano, usiuache upite hapo. Okota matawi yote uliyokata uyachome, maana miiba hudhuru miguu ya watu na ng'ombe.

Kayaba ina miti dume na miti jike, na jike tu ndiyo huzaa. Matunda ni machachu, lakini hufaa kwa jemu.

Baada ya miaka mitatu au minne utakuwa na ua wa kuzuia hata fahali. Ukihitaji msaada, mwulize Bwana Shamba wako. Lakini kitalu kitayarishe sasa, kabla ya masika.